Nilivyobebwa na mkondo alfajiri Cornwall, ubao wa plaiwudi ukatangulia kutoka

Mwanakupwa (#1)

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki iliyopita kwenye ule uzi wa madogo wa Coco Beach wanaoteleza juu ya mawimbi na vipande vya mbao, niligusia kwamba na mimi huku nilipo naingia baharini na ubao. Mkasema nilete uzi. Nimeuleta, ni mrefu, mwenye haraka zake apite tu.

Kwanza ondoeni ile picha ya kijana wa Kizungu mwenye nywele ndefu kasimama juu ya bodi la plastiki, kamba mguuni. Wangu ni plaiwudi. Urefu mita 1.2, upana sentimita 30, wembamba wake kama kidole changu cha mwisho kikilazwa, na mbele umepindwa juu kidogo. Hauna kamba, hauna pezi chini. Na haukubebi: ukiulalia kwenye maji yaliyotulia unakwenda nao chini, ukiuachia unaibuka wenyewe. Unasimama maji ya kiunoni, mgongo umeipa bahari, shingo umeigeuza, unalisubiri wimbi. Likishaumuka na kukaribia kupasuka, unajirusha mbele kwa miguu, ubao tumboni, mikono imeshika kingo za mbele, linakuchukua kifudifudi mpaka mchangani. Mwendo wenyewe si mkubwa, ila kwa kuwa macho yako yako shubiri moja juu ya maji, unajiona umepakiwa kwenye bodaboda ya mwendawazimu.

Ubaya wake mmoja: ncha ikichimba mchanga, ubao unasimama palepale, wewe unaendelea, na kile kitako chake kinakuingia tumboni. Mara ya kwanza kunipata nilikaa siku nne nawaomba watu wasinichekeshe.

Cornwall ni ile ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza inayotazamana na Atlantiki. Mbao hizi zilianza kuzoeleka kwenye fukwe zake baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na pale Perranporth husimuliwa kwamba za mwanzo zilitoka kwenye karakana ya fundi majeneza. Nikiutazama wangu ule upana na ule wembamba, naamini kabisa.

Sasa kuna ufukwe unaitwa Chapel Porth. Ghuba ndogo chini ya majabali, juu yake pamesimama gofu la mgodi wa bati, jengo la mashine ya kuvutia maji la mwaka 1872. Maji yakijaa, mchanga wote unapotea, unabaki na mawe na ukuta wa jabali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianzisha hapo mashindano waliyoyaita ya dunia, ya mbao hizi hizi, kumkumbuka mzee mmoja wa London aliyekuwa akija hapo kuteleza. Masharti: ubao uwe wa mbao, usivae nguo ya mpira ya kuzuia baridi, usifunge kamba. Wazee wenye vitambi na kofia za kuogelea za enzi zao, ndio mabingwa wenyewe.

Ni hapo Chapel Porth nilipokaribia kuwaacha. Naenda zamu ya usiku, nikirudi naendelea.

Dogo wa Kitunda (#2)

Naweka jamvi hapa.

Mzee wa Ndoana (#3)

Mkuu, miaka yote hiyo Ulaya umeshindwa kununua bodi la maana? Huo mbona ni ubao wa kukatia vitunguu.

Bwana Chai (#4)

Naona sufuria imeinjikwa. Sukari nani analeta?

Mwanakupwa (#5)

Nimerudi. Bwana Chai, vumilia, kuna maji mengi sana mbele.

Jirani yangu ni bibi wa miaka 74. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na yeye huja kumwona dada yake pale, ndipo tulipojuana. Niweke hapa jambo moja kwa wanaopanga kuja: Cornwall watu wazima wanakuita "mpenzi wangu" na hawana maana yoyote. Muuza mikate, fundi bomba, wote. Wiki yangu ya kwanza dereva wa basi, mzee mwenye ndevu, aliniita hivyo, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu.

Bibi huyu ana ubao alionunuliwa na baba yake akiwa mtoto wa miaka sita. Rangi ilishabanduka zamani, kingo zimekuwa laini kama mwiko wa ugali wa nyumba yenye watu wengi. Anaingia nao mwaka mzima, hata ule msimu ambao maji ni nyuzi 9 au 10. Mimi nina nguo ya mpira ya milimita 5 na bado meno yanagongana. Yeye vazi la kuogea na kofia ya sufu.

Ilikuwa mwisho wa Septemba. Jua huku linachomoza saa moja na dakika kumi hivi, na maji yalikuwa yanapwa mpaka saa moja na nusu. Waokoaji wenye bendera wanafika saa nne asubuhi. Maana yake tulikuwa na bahari peke yetu kwa saa tatu. Nilipokuwa nalala usiku ule niliihesabu hiyo kuwa bahati.

Tumeshuka bondeni gizagiza. Upepo ulikuwa wa bara, wenyewe kwetu tungeuita umande, unatoka mgongoni mwetu unaelekea baharini. Huo ndio upepo unaoutaka: unalishikilia wimbi likasimama vizuri, linapasuka kwa mstari. Tatizo ni kwamba nje huko Atlantiki kulikuwa na dhoruba, na mawimbi yake ndiyo yaliyokuwa yakifika. Mimi kwetu ni Jambiani, Unguja; mawimbi makubwa tumeyaona yakifia kwenye mwamba, sisi ndani tunavuka kwa miguu mpaka kwenye pweza. Huku hakuna mwamba. Linalotoka Atlantiki linakufikia wewe na kifua chako.

Nilisimama pale nikahesabu. Kati ya wimbi na wimbi ilikuwa kama sekunde 13. Kwa asiyejua, huo muda ukiwa mrefu ujue wimbi limetoka mbali na limebeba maji mengi. Yale ya upepo wa hapo karibu yanakuja mbiombio, yana kelele, hayana uzito. Haya yalikuwa yananyanyuka polepole, kimya, halafu yanaangukia mbele kama gunia la mchele kutoka kwenye lori. Urefu, makubwa yake yalinizidi mimi.

Nikamwambia Bibi, leo tungekunywa chai tu. Akaniambia, "Tutakaa ndani kabisa, kwenye povu, mpenzi wangu. Hakuna aliyekwambia uende kule."

Robo saa ya kwanza ilikuwa raha ambayo siwezi kuwaeleza. Kwenye povu, maji ya magotini hadi mapajani, hata wimbi lililokwisha kufa lilikuwa na nguvu ya kutusukuma mita 30, 40. Mwanga ulikuwa unaingia, jabali linageuka kutoka jeusi kuwa la kutu. Bibi alikuwa anapiga ukelele kila akitelezea, ukelele wa msichana. Kisha upepo ukageuka.

Nisikilizeni vizuri hapa. Uligeuka ghafla, ukawa wa kaskazini-magharibi, umekuja na mvua ya kulala. Ule mstari mzuri wa mawimbi ukavurugika. Sasa maji yanakuja kila upande, povu juu ya povu, huoni lipi la kwanza. Bibi akanionyesha kidole nchi kavu, akaanza kutoka. Mimi nikataka moja la mwisho.

Ila pale katikati nilikuwa nachapwa. Nikatazama kushoto, karibu na mawe, nikaona njia. Palikuwa pametulia. Upana kama barabara ya mtaa, hapana povu, maji yana rangi ya udongo, mawimbi yanapasuka kulia kwake na kushoto kwake lakini pale hapana. Nikasema, mtoto wa mvuvi hafi maji: nitapita kwenye utulivu ule nitoke nje kidogo, nichukue wimbi moja safi, nirudi.

binti_kizingo (#6)

Wuui. Kaka, hapo umeenda.

Mzee wa Ndoana (#7)

Nimeshaelewa. Huo ulikuwa mlango.

Mwanakupwa (#8)

Mzee wa Ndoana, umenipiga palepale. Huo ulikuwa mlango.

Wasio wa pwani niwaeleze. Kwetu mwamba una nafasi zake, panapoitwa mlango. Ngalawa zinatokea hapo asubuhi, zinaingilia hapo jioni. Baba alinifundisha kuutambua mlango kabla sijajua kusoma: pale pasipo na povu, pale maji yamebadilika rangi, ndipo penye kina, ndipo penye njia. Nikaibeba elimu hiyo miaka yote, na asubuhi ile ikafanya kazi sawasawa. Niliutambua mlango bila kukosea hata kidogo.

Kitu ambacho baba hakuwa na haja ya kunieleza ni kwamba mlango ni wa chombo. Chombo kinataka kutoka. Maji yote yanayomiminwa ufukweni na mawimbi lazima yarudi, na yanarudia pale penye kina, kwa hiyo pale pametulia kwa sababu maji yanakimbilia nje na mawimbi hayapati pa kupasukia. Ngalawa ikipita hapo inashukuru. Mimi nilikuwa na plaiwudi.

Na zile fukwe za mchanga za upande ule, maji yakiwa chini ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa mifereji iliyochimbika kati ya matuta ya mchanga ndiyo inayobaki kazini. Mimi niliingia na maji yakiwa chini kabisa. Kila kitu nilikichagua sahihi kwa mtu anayetaka kwenda Marekani.

Hatua ya tatu sikupata mchanga. Sikushtuka, nikasema nitapiga mbizi mbili tatu. Nikageuka kumtazama Bibi, nikamwona mdogo. Kuna kitu cha ajabu hapo: hauhisi kwamba unavutwa. Hakuna kitu kinachokushika mguu. Unaona tu kwamba jabali linasogea.

Nikafanya lile ambalo kila mtu hulifanya. Nikageuza uso ufukweni nikaanza kupiga maji kwa nguvu zangu zote, ubao mkono mmoja. Nadhani nilipiga dakika nzima, labda mbili. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimerudi nyuma zaidi. Mikono ikaanza kuwa ya mtu mwingine. Maji yalikuwa kama nyuzi 16, siyo ya kuua kwa haraka, ila ukishachoka baridi inajua pa kuingilia. Wimbi moja likanifunika, nikameza, likanipokonya ubao.

Hapo ndipo nilipogundua jinsi nilivyokuwa nimeutegemea ubao usionibeba. Ulipoondoka nilihisi nimeachwa na mtu.

Dogo wa Kitunda (#9)

Mkuu usikate hapo, natoka jasho niko ofisini.

Bwana Chai (#10)

Sufuria imechemka. Lakini naomba niulize kiungwana: Bibi yuko nchi kavu anatazama tu? Hakujirusha?

binti_kizingo (#11)

@Bwana Chai, asijirushe. Mimi nafundisha kuogelea huku Bamburi. Akiingia mtu wa pili bila kitu cha kuelea, mara nyingi huwa tunatafuta wawili. Bibi wa watu akae pale pale, amwangalie macho yasitoke, na apige simu. Kaka endelea, lakini niambie uliacha kupigana na maji au la.

Mwanakupwa (#12)

Niliacha, dada, ila si kwa akili. Niliacha kwa kuchoka.

Kule kazini ukutani kuna bango la RNLI, hawa wenye maboti ya uokoaji. Linasema ukiwa taabani majini, elea kwanza: laza kichwa nyuma masikio yazame, tulia, punga mikono taratibu, usubiri pumzi irudi. Nimelipita hilo bango mara elfu nikienda kuchukua mashuka. Asubuhi ile nilijikuta nimelala chali, masikio majini, mvua inanipiga usoni, naona mawingu tu. Kelele zote zikapotea. Nikawa nasikia moyo wangu kama mtu anatwanga nyumba ya pili.

Na mkondo ukaniachia. Ndivyo unavyofanya: unakutoa nje ya pale mawimbi yanapopasukia, halafu unalegea. Labda nilikuwa mita 80 kutoka Bibi alipo, labda 100, ukiwa majini kila kitu ni mbali. Nikainua kichwa nikamtafuta. Amesimama juu ya jiwe, kofia ya sufu imelowa, mkono mmoja ameunyoosha kando kabisa, kulia kwake, hautikisiki. Kama bango la barabarani. Mkono wa pili ameshika simu.

Nikaelewa. Nikaogelea kuufuata ule mkono, sambamba na ufukwe, nikiacha kabisa habari ya kwenda nchi kavu. Niliogelea kidogo, nikaelea kidogo. Mpaka nikafika penye povu, pale pale nilipopakimbia mwanzo kwa sababu pananichapa. Likaja wimbi likanizungusha kama shuka kwenye mashine, la pili likanizungusha, la tatu nikagusa mchanga kwa goti. Nikatambaa.

Ubao ulikuwa umeshafika zamani. Bibi alisema ndio uliomshtua: aligeuka kunitafuta akaona ubao unateleza kuja peke yake, vizuri kabisa, ncha juu, mpaka miguuni pake, bila mtu.

Alikuwa ameshapiga 999 na kuomba walinzi wa pwani. Akawapigia tena kuwaambia nimetoka, lakini walishuka hata hivyo, vijana wawili wapole, wakanipima wakanifunika blanketi. Nilikuwa naona aibu ya kufa. Mmoja akaniuliza nilikuwa napita wapi, nikamwonyesha. Akasema tu, "Ndiyo, panapendeza pale."

Bibi hakunigombeza. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa, mkono wake ndio uliokuwa unatetemeka. Tulipofika kwenye gari ndipo akasema, "Ukiona pametulia katikati ya fujo, jiulize maji yanaelekea wapi."

Ubavu nina alama mpaka leo, Bwana Chai. Picha siweki, nina mke humu.

Mwana wa Bi Zuwena (#13)

Pole ndugu yangu, mwanakwetu. Mie niko Salalah. Huku msimu wa kharifu, mwezi wa sita mpaka wa tisa, bahari inavyopanda hata wavuvi wenyewe vyombo huvivuta juu. Watu wanakuja kutoka Muscat kutazama mvua na ukungu, wanashuka ufukweni na jezi za mpira wanataka kuchovya miguu. Ukimkataza anakwambia kwao pia kuna bahari. Sasa mie nitamtumia uzi huu.

Mzee wa Ndoana (#14)

Mtoa uzi, pole. Lakini usimtupie lawama baba yako. Mvuvi anafundisha anachokitumia. Angekuona unatoka mlangoni bila chombo angekuchapa bakora kwanza, maelezo baadaye.

Mwanakupwa (#15)

Haswa. Nilimpigia simu wiki ile. Alinyamaza, akauliza, "Na ngalawa ilikuwa wapi?" Nikamwambia hapakuwa na ngalawa. Akampa mama simu.

Kijana wa Mbezi (#16)

Mie hoja yangu moja. Mweusi unajitakia nini na michezo ya Wazungu? Wao wana bima.

Mla Vitabu (#17)

Kijana wa Mbezi, keti kitako hapo nikueleze.

Uingereza hii hii, tena upande wa pili kabisa, Bridlington huko Yorkshire, mwaka 1890 walikuwapo likizoni wana wa kifalme wawili wa Hawaii waliokuwa wakisoma Uingereza: Jonah Kūhiō na ndugu yake David Kawānanakoa. Barua ya mmoja wao ya Septemba mwaka huo ipo. Anasema upepo umekuwa mkali siku hizo na wao wamefurahi, kwa kuwa wanataka bahari ichafuke wapate kupanda mawimbi, na kwamba watu wa pale walishangaa kuwaona. Miaka mitano kabla yake, 1885, wao na ndugu yao Edward walikuwa wamekwisha kuwaonyesha watu wa Santa Cruz, California, kwenye mlango wa mto San Lorenzo, kwa mbao walizochongesha hapo hapo kwa magogo ya redwood. Kwa hiyo Mzungu alikuwa mtazamaji ufukweni.

Na Afrika usiseme hatumo. James Alexander, afisa wa jeshi la Uingereza aliyepita Accra miaka ya 1830, aliwaona wavulana wakiogelea kwenda nje na mbao nyepesi chini ya matumbo, wanalisubiri wimbi, kisha wanarudi juu yake. Mbao chini ya matumbo, mkuu. Anachofanya Mwanakupwa na yule bibi ndicho hicho hicho.

Kijana wa Mbezi (#18)

Nimekaa.

Fundi Chelezo (#19)

Naomba nihamie kwenye mbao maana ndio kazi yangu, niko Tanga, nimechonga ngalawa na mitumbwi tangu nina miaka kumi na tano.

Mwanakupwa, plaiwudi hiyo ni ya aina gani na inalindwa na nini? Maana plaiwudi ya madukani hapa ukiipeleka baharini wiki mbili inafunguka kurasa kama daftari. Halafu hao watu wa Hawaii walikuwa wanachonga kwa mti gani?

Mwanakupwa (#20)

Fundi, nilikungoja.

Wangu ni wa mti wa birch, tabaka zimegandishwa kwa gundi isiyoogopa maji, juu vanishi. Mbele wanapinda kwa mvuke. Adui yake ni pale vanishi inapochubuka kwenye ncha, maji yakipata hapo yanaingia. Kila mwisho wa msimu nausugua kwa msasa nausiriba upya.

Hawaii ndio utafurahi. Ule mrefu wa wakubwa, waliouita olo, walipenda kuuchonga kwa mti mwepesi sana uitwao wiliwili, ambao ni jamii moja na mwamba-ngoma wetu. Ule mwembamba, alaia, walitumia koa, ambao ni ukoo wa migunga, na pia mti wanaouita ulu. Ulu ni mshelisheli.

Mwana wa Bi Zuwena (#21)

Mshelisheli huu huu tunaoula Ramadhani na nazi?

Mwanakupwa (#22)

Huo huo, sheikh.

Fundi Chelezo (#23)

Basi wale walikuwa mafundi. Mshelisheli ni mwepesi, haukupi taabu kwenye tezo. Mimi ningekuchongea wa mwembe, ndio tunaotumia kwa mitumbwi, ila ungekuwa mzito kwa bibi. Msufi ni mwepesi zaidi lakini unafyonza maji kama mkate kwenye chai. Mvule sahau, labda uwe unataka nanga.

Kingo ndizo siri. Usiziache kali kama za rafu, zizungushe, maji yapite. Na badala ya vanishi paka sifa, mafuta ya papa, kama tunavyopaka majahazi. Mti unakunywa, maji yanakataliwa.

Mwanakupwa (#24)

Fundi, nikipaka sifa kwenye fleti hii, mwenye nyumba atanitoa jioni ile ile. Hawa hata dagaa nakaangia dirishani.

Ila kuna fundi wa Australia, Tom Wegener, aliyezifufua zile alaia baada ya kuziona za kale kwenye jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu. Yeye anatumia mti wa paulownia, mwepesi, hauogopi maji ya chumvi, anaupaka mafuta tu. Ndiyo njia yako hiyo, bila harufu ya papa. Nimewahi kupanda alaia ya mtu mara moja. Hauna pezi, unakwenda kiupande kama kaa. Nilianguka mara kumi na moja, Bibi alihesabu.

binti_kizingo (#25)

Mimi swali langu ni la mwalimu. Baada ya siku ile umebadilisha nini? Maana wengi huniambia "nimejifunza" halafu Jumamosi nawaona pale pale.

Mwanakupwa (#26)

Swali zuri, na nitakujibu bila kujipamba.

Wiki tatu sikuingia. Nilikuwa nashuka na Bibi namshikia taulo. Halafu akanipa kazi: kila tukifika, kabla hajavua koti, nikae juu ya lile jiwe lake dakika kumi nimwambie maji yanatokea wapi. Siyo mawimbi yako wapi, hayo kila mtu anayaona. Maji yanarudia wapi. Siku ya kwanza nilikosea. Ya pili nikakosea. Nikaja kugundua kwamba natafuta utulivu kwa macho ya Jambiani, na huku mlango unahama. Kwetu mwamba ni mwamba, mlango aliouonyesha babu ndio huo huo. Huku ni mchanga, dhoruba moja ikipita mfereji uliokuwa kushoto unaukuta katikati. Mimi nilikuwa nimekariri mlango.

Sasa nikiona povu linasafiri kwenda nje, au majani ya baharini yanaelea kuelekea kusikotarajiwa, nasema pale. Mara nyingi napatia. Siku nisipokuwa na uhakika, tunakunywa chai tunarudi.

Na sivuki kiuno. Ubao wenyewe hautaki zaidi ya hapo: bila mguu kugusa mchanga huwezi kujirusha. Wenye mabodi makubwa ya kuelea wanakwenda nje wanakaa juu yake kama viti, mwenye plaiwudi akikosa mchanga amekosa kila kitu. Nilikuwa nauona huo ni udhaifu wake.

Saa za kuingia sijabadilisha, nakiri. Bado tunaingia kabla ya waokoaji. Bibi hataki watu, na mimi zamu inaisha alfajiri. Hilo nigombezeni tu, nimekubali.

binti_kizingo (#27)

Nakugombeza. Angalau filimbi shingoni.

Mwanakupwa (#28)

Filimbi ipo. Bibi anayo yake pia, anaitumia kuniitia chai.

Bwana Chai (#29)

Nimekunywa mpaka chini, sijakuta majani. Samahani mkuu, hii ilikuwa maji matupu ya chumvi. Pole sana. Swali la mwisho: ule ubao bado unautumia au uliuchoma?

Mwanakupwa (#30)

Uko mlangoni hapa umelowa. Kule kwenye ncha umechubuka, siku ile ulipiga jiwe ukitoka, sijaupaka vanishi bado.

Kesho maji yanapwa saa mbili kasoro robo. Bibi ameshaandika: upepo wa bara, nisisahau maziwa ya chai.